Maneno Matatu Yaliyobaki

Zéphirin alikuwa mtu wa kuhesabu maneno, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia pikipiki mpya. Ukimuuliza habari za asubuhi, alijua umetumia maneno matatu. Padri akimaliza mahubiri, waumini walitoka wakizungumzia dhambi zao. Yeye alitoka akisema kwamba watu walewale wangeweza kuokolewa kwa nusu ya maneno. Béatrice, mke wake, aliyeishi naye Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya mto, miaka kumi na tisa, alikuwa amezoea. Wakigombana, alikuwa akikatiza sentensi katikati na kumuuliza amefika ngapi, na Zéphirin, bila haya, alimtajia.

Kazi yake ilikuwa kuandikia mtandao. Mtu akiwa na duka, hoteli au boti, akataka jina lake litokee juu watu wanapotafuta kitu kwenye simu, alimwendea Zéphirin. Kazi hiyo aliisomea siku tano kwenye ukumbi wa parokia, kwa mwalimu mmoja aliyetoka Goma, akapewa cheti, akakitia plastiki kabla wino haujakauka, ndiyo maana sahihi ya mwalimu imepakaa hadi leo. Alijifunza kwamba kichwa cha ukurasa kisizidi herufi sitini. Maelezo mafupi yanayotokea chini yake yasizidi herufi mia moja hamsini na tano, la sivyo mtambo wa kutafuta unayakata na kuweka nukta tatu. Ukurasa wenyewe, ili uheshimiwe, uwe na maneno elfu moja na mia tano, na lile neno linalotafutwa lirudiwerudiwe humo hadi msomaji achoke.

Alizipokea sheria hizo kama mtu aliyekuwa akizisubiri maisha yake yote. Mfanyabiashara mmoja alipomwagiza ukurasa kuhusu bei ya saruji Kindu, Zéphirin alijua jambo moja tu kuhusu bei hiyo, kwamba iko juu. Alilisema jambo hilo kwa maneno elfu moja mia tano na manne. Ukurasa ulitokea wa sabini na mbili. Yeye aliona ni mwanzo mzuri, akampigia mteja simu kumpongeza.

Lakini kurefusha alijifunza ukubwani. Kipaji chake hasa, alivyopenda kuwaambia watu wakitaka na wasipotaka, kilikuwa kukata, na kukata alikujua tangu vita.

Mwaka wa elfu mbili na mbili Kindu ilikuwa imefungwa pande zote. Mjini walikaa askari wa waasi, porini wapiganaji wa Mai-Mai, na reli ilikuwa imeota majani hata treni ikawa kitu cha kusimuliwa. Kilichoingia kiliingia kwa ndege, na ndege ilitua ilipopenda. Barua haikwenda popote. Watu walibaki na foni tu: redio ya kuongelea, betri ya lori, kioo kimoja cha kunasa jua, na waya mrefu uliotandazwa kati ya michikichi miwili. Ukisema Kindu, mtu wa Butembo, mbali upande wa mashariki, alisikia, akaandika kwenye karatasi, akampelekea mwenyewe. Mwenye kuendesha foni iliyokuwa karibu na stesheni alikuwa Zéphirin, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, kalamu nyekundu sikioni.

Mkuu wa usalama wa mji alikuwa ameweka amri: ujumbe mmoja maneno ishirini, yasizidi. Askari alikaa palepale kwenye benchi akihesabu kwa vidole, na vikimwishia vya mikono alifungua buti. Hiyo ilikuwa amri, na amri Zéphirin hakuitunga. Alichotunga ni mashindano. Kwa kiburi chake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, aliona ishirini ni ya watu wa kawaida. Yeye alitaka kumi na tisa, kumi na nane. Watu walimletea karatasi zilizojaa pande zote mbili, akavuta kalamu nyekundu, na cha kwanza kuondoka kilikuwa salamu. Salamu, alisema, haina habari ndani. Mtu aliyetafutwa na redio kutoka mbali namna ile, si anajua mwenyewe kwamba anasalimiwa?

Kila ujumbe aliunakili kwenye daftari la kurasa mia mbili kama ulivyoletwa, kisha akakata kwa wino mwekundu na kuandika idadi pembeni. Ule aliouona bora aliutia nyota. Vita vilikwisha, foni ikazimwa, simu za mkononi zikaja, lakini daftari lilibaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Wateja wapya aliwafungulia walione. Juu ya ukurasa wake mwenyewe wa mtandaoni aliandika kwamba ana uzoefu wa kuandika kwa ufupi tangu mwaka wa elfu mbili na mbili, na hakueleza zaidi, maana herufi zilikuwa zimefika sitini.

Basi siku moja aliitwa na Mama Kyakimwa. Huyu alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Butembo, mwenye ghala karibu na bandari na boti mbili zinazoshuka mto hadi Lokandu na kupita. Kindu nzima ilimjua, ni mtandao tu usiomjua, na binti yake Daniella, anayesoma Kisangani, alikuwa amemwambia kwamba siku hizi mtu asiyetokea kwenye simu ni kama amefunga duka. Zéphirin alivuka mto na mtumbwi wa mota, cheti kwenye mkoba, akamkuta Mama Kyakimwa amekaa kwenye stuli, anakagua vifuniko vya madumu ya mawese kimoja kimoja.

Alimweleza kazi yake kwa ufasaha. Neno la kutafutwa liwe la kwanza, alisema. Mtu akiandika "kusafirisha mizigo Kindu", mtambo unatazama mwanzo wa maelezo, unakuta neno hilohilo, unafurahi. Mama Kyakimwa alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, lakini yeye anataka ianze na salamu. Awasalimie wateja wa Kigoma, wa Bukavu, wa Kisangani, na wazee wao, awaulize habari za safari, ndipo aseme kwamba ana boti. Zéphirin alicheka kidogo, kicheko cha fundi. Alimwambia kwamba salamu hiyo peke yake inakula herufi mia moja na ushee, na mtambo utakata palepale kabla boti haijaonekana. Alishauri salamu iondoke.

Mama Kyakimwa aliweka dumu chini.

"Papa Zéphirin, salamu yangu usiikate. Hii maneno ilishaniua mara moja. Weye ulikuwa pale kwenye foni, unajua. Nilimusalimia mama mukwe wa kwanza kabisa, na wao wakasema hakuna salamu yenye ilifika."

Zéphirin alisema hajaelewa, na kweli alikuwa hajaelewa, ingawa masikio yalikuwa yameanza kumwasha moto. Kyakimwa akamsimulia. Mwaka ule wa kufungwa mji, mumewe Kambale alikuwa amekwenda Butembo kutafuta bidhaa, njia ikafunga nyuma yake. Kyakimwa akabaki Kindu na Daniella mchanga. Alituma ujumbe kwa foni. Kule Butembo ukoo mzima ulikaa kusomewa karatasi, na ilipokwisha, mama mkwe wake alisema huyu si Kyakimwa. Kyakimwa alikuwa hanywi hata maji asubuhi kabla hajamsalimia mama mkwe. Maneno yasiyo na salamu hata moja ni ya mtu mwenye bunduki mgongoni, au ni ya yule mwenye bunduki. Tena yanamkataza Kambale asiende Kindu. Bila shaka hawataki aone maiti. Basi walitandika mkeka, wakalia matanga, wakaombea misa. Mwaka ulipopita, Kambale akaoa.

Njia ilipofunguka Kyakimwa alifika Butembo na mtoto mgongoni, akamkuta mwanamke mwingine anafagia ua. Watoto wa jirani walimkimbia kama mzuka. Aliuliza: salamu zangu je? Mama mkwe akala kiapo kwamba haikufika hata moja. Kyakimwa akala kiapo kwamba alizituma zote, na kwamba mtu wa foni alimthibitishia. Kila mmoja akamwita mwenzake mwongo, mbele ya watu, na baada ya juma moja Kyakimwa alirudi Kindu na hakukanyaga tena Butembo. Daniella alikua akimjua baba yake kwa picha.

Yote hayo Kyakimwa aliyasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayetaja bei. Mwezi huu, akaendelea, Muhindo, mdogo wake Kambale, amempigia mara tatu. Bibi kizee haamki kitandani, na anamtaka yeye.

"Kila mara namujibu: aseme kwanza kama nilimusalimia. Naye anajibu hawezi kusema uongo na yuko karibu na Mungu. Sawa. Na miye siwezi."

Zéphirin alisema ataleta rasimu baada ya siku mbili. Sauti aliyosemea haikuwa yake. Maana alikumbuka, waziwazi kama jana, mwanamke kijana mwenye mtoto kifuani akimuuliza mlangoni mwa foni kama yote yamefika, na yeye bila kuinua macho akimjibu: "Imefika yote, mama."

Nyumbani alivuta sanduku. Alipekua daftari akiomba kimoyomoyo ukurasa huo uwe umeliwa na mchwa. Mchwa walikuwa wamekula jalada, wamekula kurasa za mwanzo na za mwisho, na huo wakauacha. Ulikuwa na nyota. Tena si nyota tu. Chini yake alikuwa ameandika "safi" na kupiga mistari miwili. Uliokwenda hewani ulikuwa huu: *Kyakimwa na mutoto wazima. Duka limevunjwa. Njia imefungwa. Kambale usikuje Kindu. Miye nitakuja njia ikifunguka. Tunaishi Alunguli.* Pembeni, kwa wino mwekundu: kumi na saba.

Kumi na saba. Huu ndio ukurasa aliomwonyesha mwalimu wa Goma, na mwalimu akapiga makofi. Ndio aliowafungulia wateja miaka yote hiyo, kidole juu ya nyota: maneno hamsini na sita niliyafanya kumi na saba, bila kupoteza habari hata moja. Hata harusini kwake aliwahi kuutaja. Zéphirin aliketi sakafuni, daftari mapajani, akajiona mjinga wa kiwango ambacho hata kuhesabu hakihesabiki.

Siku mbili zilipita, zikawa nne. Mama Kyakimwa alipiga simu kuulizia rasimu, akaambiwa kompyuta inasumbua. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Zéphirin alikuwa akiandika kuungama, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuandika, aliandika kwa kipimo. Jaribio la kwanza lilisema: *Mteja mpendwa, tunakuarifu kwamba salamu zako za 2002 hazikufika kutokana na sababu za kiufundi. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Bofya hapa kujua zaidi.* Herufi mia moja arobaini na tisa. Zilibaki sita, na kwa dakika nzima, Mungu amsamehe, alifurahi.

Alipopata akili aliifuta, akaandika ndefu. Hii ilifika maneno elfu moja na mia tano kamili. Alieleza amri ya mkuu wa usalama. Alieleza askari na buti zake. Alieleza betri iliyokuwa ikichoka mchana, mawingu, umbali wa Butembo, na hali ya mawasiliano nchini kwa ujumla. "Kukata salamu" ilirudiwa mara kumi na nne, kama mwalimu wa Goma alivyofundisha. Alimpa Béatrice asome, akasimama mlangoni akijifanya anatazama kuku.

Béatrice alisoma bila haraka, simu mbali na macho. Kuhusu Kyakimwa alikuwa ameshaambiwa. Usiku wa kwanza tu alimwona mumewe anakula bila kuhesabu matonge, akamlazimisha aseme. Alipomaliza alimrudishia simu.

"Askari iko, betri iko, mawingu iko. Weye uko wapi humu ndani?"

Zéphirin alitafuta. Alitelezesha kidole toka juu hadi chini, mara mbili. Kwenye maneno elfu moja na mia tano hakuwemo hata mara moja. Béatrice hakumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kama angemcheka. Alimwambia tu kwamba kule Butembo kuna mtu ambaye huenda hatamaliza juma, na kwamba yeye Zéphirin mdomo anao. Achukue daftari lake, avuke.

Alivuka. Ndani ya mtumbwi alijikaza, akapanga maneno ya kuanzia, akayahesabu, akajikemea, akayapanga upya, na mtumbwi ulipogonga gati alikuwa hana hata moja. Mama Kyakimwa alikuwa peke yake ghalani. Alimkaribisha kwa salamu zote: nyumbani, mama watoto, mto umeamkaje. Zéphirin alizijibu moja moja, na kila moja ilimchoma.

Kisha alifungua daftari kwenye ukurasa wa nyota, akaliweka juu ya dumu mbele yake, akasema kwamba salamu hazikufika kwa sababu yeye alizikata. Hakusema zaidi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa mfupi bila kukusudia.

Kyakimwa alivaa miwani. Alisoma mistari yake mwenyewe ya miaka zaidi ya ishirini iliyopita, maandishi ya Zéphirin lakini maneno yake, na wino mwekundu uliopita juu yake. Alisoma kwa kidole. Alipofika kwenye mstari mmoja, kidole kilisimama, kikakaa hapo. Angependa apigwe. Angependa afukuzwe kwa fimbo hadi gatini, watu wote wa bandari wakitazama. Kyakimwa hakunyanyua hata sauti.

"Walikupa ishirini. Ulituma kumi na saba. Hizi tatu ulizipeleka wapi?"

Swali hilo Zéphirin alikuwa hajajiuliza hata kwenye zile siku nne. Alikuwa ameandaa majibu ya askari, ya betri na ya mawingu, na hakuna hata moja lililofaa, kwa sababu askari alikuwa radhi na ishirini, betri ilikuwa imejaa, na siku ile ilikuwa na jua.

"Nilizibakisha nipate kujisifu," alisema.

Kyakimwa alivua miwani. Alisema polepole, kama mtu anayemwandikisha mtoto: "Nasalimia mama mukwe. Hesabu."

Hakukuwa na haja ya kuhesabu, lakini alihesabu, kwa vidole kama yule askari, maana aliambiwa. Ilikuwa tatu.

Nje wapagazi walikuwa wakibishana juu ya gunia. Kyakimwa alisema kwamba Kambale hatampata tena, na hata hamtaki, alimwona kwenye picha ya harusi ya mpwa wake na amezeeka vibaya. Lakini kwa miaka yote hii amemchukia mwanamke mzee kwa uongo ambao mwanamke mzee hakuusema. Hapo machozi yalimshuka, akayafuta kwa pembe ya kitenge, akachukua simu. Zéphirin alidhani anaita askari. Alikuwa anampigia Muhindo. Alimwambia amwekee mama simu sikioni, kisha akaisukuma mbele ya Zéphirin, juu ya daftari.

"Tuma. Yote, kama ilivyo."

Zéphirin alikohoa. Ni mazoea tu yaliyomwokoa. Mdomo ulifunguka wenyewe ukasema, "Butembo, Butembo, hapa Kindu," kana kwamba kuna betri ya kuogopea. Alijitambulisha kuwa ndiye mtu wa foni. Alisema kwamba katika ujumbe wa Kyakimwa wa mwaka ule kuna maneno thelathini na tisa ambayo aliyakata yeye, kwa mkono wake, na kwamba sasa anayatuma. Halafu akasoma yaliyokuwa chini ya wino mwekundu.

"Mama mukwe, nakusalimia wa kwanza. Mugongo yako inaendelea namna gani? Sijasahau dawa uliniomba, niko nayo hapa. Baba mukwe, nakusalimia na heshima. Muhindo, usiache masomo. Salimieni shangazi na majirani wote wa kilimani. Kambale, mutoto ameota meno mawili, anacheka kama weye."

Alisoma mara moja tu, hadi mwisho. Upande wa pili Muhindo, ambaye siku hizi anauza mafuta ya pikipiki kando ya barabara, alisema taratibu kwamba masomo aliyaacha mwaka uleule, baada ya matanga. Kisha mtandao ukakatika, kama unavyokatika kila siku saa hizo, na wakabaki wawili wakitazama simu.

Zéphirin alitaka kuondoka. Kyakimwa alimwambia akae, kazi yake haijaisha, aandike ukurasa. Basi alikaa kwenye dumu akaandika huku wakisubiri. Alianza na salamu. Aliwasalimia watu wa Kigoma na Bukavu na Kisangani, akawauliza habari za safari na za wazee, na alipotazama chini, herufi mia moja hamsini na tano zilikuwa zimekwisha na boti bado haijaonekana. Alijua ukurasa huo hautatokea juu kamwe. Labda wa themanini. Hakufuta kitu.

Yapata nusu saa baadaye simu ililia: ujumbe wa sauti, dakika sita na sekunde kadhaa. Kyakimwa aliufungulia juu ya dumu. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyezeeka sana, inayopumzika kila baada ya maneno machache. Aliongea Kiswahili, si Kinande cha kwao, na mwanzoni tu akasema sababu: ili huyo muntu wa foni naye asikie. Halafu akamsalimia Kyakimwa. Akamsalimia Daniella, akauliza yale meno mawili yaliishia kuwa mangapi. Akasalimia ghala, akasalimia mto, akasalimia watu wa boti ambao hakuwajua majina, akawaombea wote. Zéphirin alianza kuhesabu, maana ugonjwa kama huo hauponi kwa siku moja, lakini kwenye watu wa boti alipotelewa na hesabu, na hakuirudia.

"Mwanangu," sauti ilisema, "miye sikudanganya, na weye haukudanganya. Basi tumalize. Mugongo ingali inauma. Ile dawa, uko nayo bado?"

Kyakimwa aliziba mdomo kwa mkono. Dawa ile ilikuwa chupa ya mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi, ya kuchua, ambayo akina mama wa Pangi wanakamua wenyewe. Ilivuja zamani, kwenye mwaka wa pili wa kungoja. Lakini sokoni zipo, alisema, akijisemea mwenyewe, kesho asubuhi zipo, na ndege iko Alhamisi. Alikuwa tayari anatafuta kwa macho kikapu cha kutilia.

Ujumbe ulikuwa haujaisha. Kulikuwa na kupumua, na sauti ya Muhindo akimwambia mama apumzike, na mama akikataa.

"Na muntu wa foni pia namusalimia," sauti ilisema. "Muambieni namusalimia wa mwisho."

Kyakimwa aliirudisha nyuma sehemu hiyo, wakaisikia tena. Kisha akabonyeza kidude cha kurekodi, akamshikia Zéphirin simu karibu na mdomo, akamwambia ajibu. Zéphirin alianza kwa kumuuliza habari za mgongo.